Mume wangu yuko safarini na kikosi, simu zimekuwa za dakika mbili. Tuwasilianeje?

"Mume wangu ni askari wa miguu. Huu ni mwezi wa pili tangu kikosi chake kiondoke kambini, na tangu hapo wanahamahama: leo wamelala huku, kesho wanatembea usiku kucha. Mwanzoni alipiga simu kila baada ya siku mbili. Sasa zinaweza kupita siku kumi bila neno, halafu anapiga, 'Mko salama? Mimi niko sawa', inakatika. Sauti imekuwa kavu kama anaongea na mtu wa ofisini. Juzi nilimwona yuko mtandaoni saa saba usiku, nikamwandikia mara tatu, tiki zikageuka bluu, hakujibu. Nikamwomba anitumie mahali alipo ili nitulie, akawa mkali, tukagombana. Mtoto wetu wa miaka sita alilazwa siku tatu kwa nimonia na sikumwambia, kwa sababu niliambiwa askari akiwa kazini hapelekewi habari mbaya. Mtoto amepona, lakini ameanza kukojoa kitandani, na baba yake akipiga anakataa kuongea naye. Mama mkwe ananipigia kila siku kuuliza habari, na kwenye kundi la wake wa askari kila mtu ana uvumi wake. Naogopa mambo mawili: kwamba limempata jambo na wananificha, au kwamba amepata mtu mwingine. Nifanyeje ili tuwasiliane kama zamani?"

Dada yangu, umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo manne au matano, na yote yanastahili jibu. Nianze na lile la mwisho, kwa sababu ndilo linaloyabeba mengine. Unataka muwasiliane kama zamani. Kwa kipindi hiki haitawezekana, na sehemu kubwa ya maumivu yako inatokana na kumpima mume aliye safarini kwa kipimo cha mume aliye kambini. Linalowezekana ni kupanga mawasiliano yanayoweza kuhimili siku kumi za kimya bila wewe kuvunjika na bila yeye kujiona mkosaji kila anaposhika simu. Familia nyingi za askari zimeliweza hilo. Ila halianzi na ujanja wa kumfanya apige zaidi. Linaanza na kuelewa kimya chake kinatoka wapi.

Askari aliye kambini ana mahali pa kuchaji simu, ana saa za mapumziko zinazojulikana, na mara nyingi ana mtandao. Kikosi kikianza kutembea, vyote vitatu vinatoweka kwa pamoja. Askari wa miguu hubeba silaha, risasi, maji, chakula, fulana ya kuzuia risasi, matandiko, na pengine redio au betri zake. Mzigo wa kupita kilo 30 ni jambo la kawaida. Umeme mdogo walio nao ni wa redio na vifaa vya kuonea usiku kwanza. Simu ya mtu binafsi, kama imeruhusiwa kabisa, huchajiwa mwisho. Wakisimama kuna zamu za ulinzi, kuna silaha za kusafisha, kuna malengelenge ya miguu ya kutibu kabla hayajawa vidonda, na kinachobaki ni usingizi wa saa chache. Akikupigia dakika mbili baada ya usiku wa namna hiyo, dakika hizo amezikata kwenye usingizi wake.

Sababu nzito zaidi, hata hivyo, ni usalama, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ndipo ulipotoka ugomvi wenu. Simu iliyowashwa hutoa mawimbi hata kama hakuna anayeongea. Kila baada ya muda hujitambulisha kwa mnara ulio karibu, ili mtandao ujue pa kuipata ikipigiwa. Mawimbi hayo yanaweza kunaswa na mitambo ya adui inayotambua yanatoka upande gani; mitambo miwili au mitatu ikiwekwa sehemu tofauti, pale mielekeo yake inapokutana ndipo simu ilipo. Simu mia moja zilizojikusanya usiku mahali ambapo jana hapakuwa na hata moja zinamwambia adui kila kitu anachotaka kujua. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, makombora ya Ukraine yalipiga jengo walimokuwa askari wa Urusi katika mji wa Makiivka. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilitaja vifo 89, na ikasema sababu kuu ilikuwa askari kuwasha na kutumia simu zao kwa wingi kinyume cha katazo. Wapo waliosema lawama hiyo iliwabebesha askari makosa ya wakubwa wao, lakini hatari yenyewe ni ya kweli. Ulikuwa usiku wa mwaka mpya. Si vigumu kukisia wengi wao walitaka kumpigia nani.

Wala si lazima mtu apige simu. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava, inayoonyesha njia wanazokimbia watumiaji wake, ilikuwa imezianika kambi za kijeshi katika nchi kama Syria na Afghanistan. Askari walikuwa wamekimbia tu mazoezi ya asubuhi wakiwa na vifaa vyao vya kupimia mwendo. Picha iliyopigwa kwa simu nayo inaweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigiwa.

Kwa hiyo ulipomwomba mumeo akutumie mahali alipo, ulimwomba kitu ambacho si chake kutoa. Ni cha wenzake wote. Ukali wake ulikuuma na sikulaumu kwa kuumia, lakini kukataa kwake kulikuwa sahihi, na askari anayekataa jambo hilo hata kwa mke wake anakulindia mume pia. Atakapopiga tena, usirudie kesi. Mwambie tu, "Sitakuuliza tena uko wapi." Wanaume wengi walio katika hali yake huanza kuahirisha kupiga simu wakijua kuna swali watakaloshindwa kulijibu. Ukimwondolea swali hilo, umempunguzia sababu moja ya kuahirisha. Na wewe upande wako, usiandike popote kwamba mume hayupo, kikosi chake ni kipi au kinatarajiwa kurudi lini, na umwombe mama mkwe naye afanye hivyo hivyo.

Sasa tiki za bluu saa saba usiku. Najua jinsi kitu kidogo kama hicho kinavyoweza kumkosesha mtu usingizi mpaka asubuhi. Mtandao unapokuwa dhaifu, simu hupata mawimbi kwa dakika chache mtu anapopita mahali pa juu au pa wazi, ujumbe wote uliokuwa umekwama huingia kwa mkupuo, mtu anaufungua, kisha mawimbi yanakatika kabla hajajibu. Au kiongozi wake anasema zimeni. Au alisoma, akakuta ujumbe wa tatu tayari una hasira, akaona hana nguvu za kuanza maelezo kwa kidole gumba gizani. Sijui ni lipi kati ya hayo, nawe hujui, na hiyo ndiyo hoja yangu: alama ile inakuambia kwamba ujumbe umefunguliwa, basi. Haina habari za moyo wa mtu. Zima mpangilio unaokuonyesha ujumbe umesomwa lini na mtu alikuwa mtandaoni lini, kama programu yako inaruhusu. Nimewashauri wake wengi wa askari wafanye hivyo, na nashauri tena bila kusita.

Kuna kimya cha aina nyingine ambacho lazima nikueleze, ingawa hakipendezi. Katika majeshi mengi, askari akiuawa au akijeruhiwa vibaya, mawasiliano binafsi ya kikosi kizima hufungwa kwa muda. Lengo ni kwamba familia ya aliyepatwa isipate habari kupitia uvumi au picha iliyovuja, bali iambiwe na watu waliotumwa rasmi. Maana yake ni kwamba wake wote wa kikosi wakinyamaziwa siku moja, inawezekana kuna familia moja iliyopatwa na jambo. Inawezekana pia ni amri ya kawaida ya kuficha mwendo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Sitakuambia usiogope. Ninachokuambia ni kwamba jeshi haliarifu familia kwa kunyamaza. Katika majeshi mengi, habari za kifo huletwa na maafisa wanaofika nyumbani kwa ndugu wa karibu aliyeandikishwa na askari mwenyewe. Kwa hiyo hakikisha jina lako, namba yako na mahali unapoishi sasa vimeandikwa sawasawa kwenye kumbukumbu zake. Familia nyingi huhama nyumba na hakuna anayekumbuka kubadilisha. Na mtu asiyejulikana akikupigia kusema mumeo ameumia na zinahitajika fedha za haraka, kata simu, piga ofisi ya kikosi. Huo ni utapeli, na unawalenga watu walio katika hali yako hasa.

Nije kwenye sauti kavu. Mtu anayetembea kwenye hatari hujifunza haraka kufunga baadhi ya hisia ili macho na masikio yake yafanye kazi. Haamui kufanya hivyo. Akili hufanya yenyewe, na uchovu na kukosa usingizi huizidisha hali hiyo. Ukimpigia simu mtu wa namna hiyo ukitaka upole wa ghafla, unamtaka afungue ndani ya dakika mbili kile ambacho baada ya dakika mbili lazima akifunge tena ndipo arudi kwenye zamu. Wengine hawawezi, na wanaojaribu huwa wanaumia sana baada ya simu. Ongeza kwamba pengine amezungukwa na wenzake watano wanaosubiri zamu ya kutumia simu hiyo hiyo. "Mko salama? Mimi niko sawa" ndiyo sentensi inayobebeka katika hali hiyo.

Majeshi yalilijua hili zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Uingereza walipewa kadi iliyochapwa tayari sentensi chache: niko salama, nimelazwa hospitalini, nimepokea barua yako ya tarehe fulani, barua itafuata nikipata nafasi. Askari alikata zisizohusika, akatia sahihi na tarehe. Akiongeza neno lolote lingine, kadi iliharibiwa. Ilikuwa kavu kuliko sauti ya mumeo, na watu waliipokea mlangoni wakalia kwa furaha, kwa sababu walijua kadi ni ya kusema "nipo" na barua ni ya kusema mengine. Simu za mumeo za sasa ni kadi. Ukizipokea hivyo, utaacha kutafuta ndani yake kitu ambacho hazikutengenezwa kukibeba, na utapata nafasi ya kuanzisha barua.

Je, amepata mtu mwingine? Siwezi kukuapia kwa niaba ya mwanamume nisiyemjua. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna hata moja kati ya mambo uliyoyaeleza lililo ushahidi wa hilo. Kila moja lina maelezo ya kawaida kabisa katika safari ya kijeshi. Hofu hii huja karibu kwa kila mtu aliyeachwa nyumbani, na huja pia kwa walio safarini, kwa sababu akili isiyo na habari hutunga habari. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha jinsi inavyochosha kuwa na mtu ambaye hayupo kwa mwili lakini yumo katika kila wazo. Wewe mumeo hajapotea, ila unaonja kipande cha hali hiyo kila siku ya kumi. Kama una sababu ya zamani ya kutomwamini, iliyokuwapo kabla ya safari, hilo ni zungumzo la ana kwa ana akirudi, ikiwezekana mbele ya mshauri. Usilifungue kwa ujumbe wa usiku. Hakuna jibu atakaloweza kukupa kutoka porini ambalo utaliamini.

Kuhusu nimonia ya mtoto, aliyekuambia askari hapelekewi habari mbaya alikosea, ingawa nia yake ilikuwa njema. Ushauri huo husikika kila mahali na huleta madhara. Baba huyo siku moja atajua: kutoka kwa mtoto, kwa mama yake, kwa cheti cha hospitali kwenye droo. Siku hiyo atagundua kwamba wakati unamwambia "sote wazima", mtoto alikuwa amelazwa. Na tangu hapo kila "sote wazima" yako itakuwa na shaka, wakati askari aliye mbali anahitaji kuliko kitu chochote kuweza kuamini sentensi hiyo. Kinachotakiwa ni kupanga namna ya kusema. Anza na mwisho wa habari: "Mtoto mzima, yuko shuleni. Wiki mbili zilizopita alipata nimonia, akalazwa siku tatu, akatibiwa akapona. Sikukuambia wakati ule kwa sababu niliogopa kukupa mzigo. Nimeona ni vizuri ujue kutoka kwangu." Ukianza na "mtoto alilazwa" na simu ikakatika hapo, umemwacha na picha mbaya kwa siku kumi. Ndiyo maana, kwa habari ya namna hii, maandishi ni bora kuliko sauti.

Mambo mengine ya nyumbani yapime kwa swali moja: je, anahitajika kuamua, au ana haki ya kujua? Kodi ya nyumba imepanda na lazima mjibu wiki hii: anahitajika kuamua, ingawa ni vyema kabla ya safari nyingine akuachie mamlaka ya kuamua mwenyewe. Mzazi wake ameugua sana: ana haki ya kujua. Bomba limepasuka, mwalimu amekukera, jirani kafanya lake: hayo yaandike kwenye barua yakiwa yamekwisha, au mwambie rafiki yako. Akifariki ndugu wa karibu, usimwambie kwa ujumbe wa simu kabla ya kupiga ofisi ya kikosi. Majeshi mengi yana utaratibu wa kuthibitisha habari hiyo na kumfikishia kupitia kamanda au kiongozi wa dini wa kikosi, wakati ambapo hayuko kwenye ulinzi na kuna mtu pembeni yake. Utaratibu huo pia ndio unaofungua njia ya ruhusa, kama inawezekana kupatikana.

Sasa barua, ambazo kwangu ndizo moyo wa jibu hili. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti juu ya askari wa Marekani walio katika ndoa. Kwa wale ambao ndoa zao zilikuwa nzuri, waliowasiliana zaidi kwa njia zisizo za papo kwa papo, yaani barua, barua pepe na vifurushi, walikuwa na dalili chache zaidi za kiwewe baadaye. Simu na ujumbe wa papo kwa papo havikuonyesha uhusiano huo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba barua ndiyo iliyowakinga; pengine watu wenye afya njema ya akili huandika zaidi. Lakini matokeo yake yanaingia akilini. Barua haimdai mtu chochote saa ile. Anaisoma akiwa tayari, anairudia, na kuna siku ataisoma mara nne. Simu ikikatika hairudiwi.

Usingoje ajibu ndipo uandike nyingine. Andika kwa ratiba yako, siku mbili au tatu kwa wiki, na kila barua ipe namba. Namba ni jambo dogo lenye faida kubwa: zikifika tano kwa mkupuo atajua aanze na ipi, ikikosekana ya 7 atajua imepotea na si kwamba ulinyamaza, naye anaweza kukujibu kwa neno fupi kabisa, "nimefika ya 11". Hilo tayari ni mazungumzo. Kama barua za karatasi hupitia kwenye kikosi chake, zitumie, kwani karatasi haihitaji betri wala haitoi mawimbi. Lakini iandikwe ukijua huenda ikaanguka mikononi mwa mtu mwingine, kwa hiyo hakuna mahali, hakuna tarehe za safari, hakuna jina la kiongozi wake. Kama njia pekee ni simu, andika maneno badala ya kutuma video na sauti ndefu. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, ule usiohitaji intaneti, hupenya kwenye mawimbi hafifu ambayo hayawezi kubeba mazungumzo, na simu yake ikiwa imezimwa ujumbe hungoja kwenye mitambo ya kampuni ya simu kwa muda, mara nyingi siku chache. Herufi 160 ndizo zinazoingia katika ujumbe mmoja. Jizoeze nazo.

Uandike nini? Wengi hukwama hapa, wakajikuta wanaandika "nimekukumbuka, unaendeleaje, mbona kimya". Nakuomba uepuke maswali, kwa sababu kila swali ni deni kwake. Mpe nyumba yake jinsi ilivyo leo: jino lililong'oka, neno jipya ambalo mtoto amelikosea akachekesha kila mtu, mlango aliouacha haufungi vizuri na sasa unafunga, ndoto uliyoota. Vitu vidogo vyenye umbo. Askari aliye mbali muda mrefu huanza kuogopa kwamba nyumba imejifunza kuishi bila yeye, kwa hiyo mwachie nafasi ndani ya habari: "Nimemwambia baiskeli tutasubiri baba, wewe ndiye utakayemfundisha." Na usiogope kuandika kwamba ni vigumu. Barua ya furaha tupu inatia shaka sawa na kimya.

Mkipata simu ya dakika tatu au nne, jambo la kwanza lisiwe lawama wala habari za mama mkwe, liwe makubaliano. Kubalianeni kwamba kimya hadi siku fulani, tuseme kumi na tano, ni kimya cha kazi na hakuna atakayehesabu kosa. Kubalianeni neno moja ambalo akituma peke yake lina maana ya "nipo, nakupenda, siwezi kuongea". Neno hilo liwe la mapenzi tu. Lisibebe habari za mahali au mwendo, kwani huko ni kuvunja amri kwa mlango wa nyuma. Kubalianeni pia ni nani utampigia siku ya kumi na sita ikifika. Makubaliano haya hayaongezi hata dakika moja ya simu, lakini yanabadilisha siku ya tisa kabisa.

Mtoto wako hakatai kuongea na baba yake kwa kumchukia. Mtoto wa miaka sita hana kipimo cha wiki na miezi. Anajua kwamba sauti hiyo ikija huondoka tena baada ya muda mfupi, na wewe hulia baadaye. Kukataa kunamkinga. Usimlazimishe wala usimwambie "baba atasikitika", maana hapo umemtwika jukumu la furaha ya mtu mzima. Mpe njia nyingine: achore, na mchoro uingie kwenye barua. Kama kuna sauti ya baba uliyoihifadhi kwenye simu, hata akisema jambo la kawaida, asikilize anapotaka yeye. Mweleze ukweli kwa kipimo chake: "Baba yuko kazini mbali, anatembea na wenzake, simu haifiki kila siku. Hajaondoka kwa sababu yako." Sentensi hiyo ya mwisho mwambie hata kama hajauliza, watoto wengi huamini kimyakimya kwamba wao ndio chanzo, na wa kwako aliugua baba akiwa hayupo, kwa hiyo ana sababu ya kuyaunganisha mawili hayo. Kukojoa kitandani mara nyingi hupita kama hakuna anayemwaibisha. Lakini kama kunaendelea zaidi ya wiki chache, au kama ana maumivu, homa, kiu isiyo ya kawaida au ameanza kupungua, mpeleke kwa daktari bila kungoja, kwani si kila kukojoa ni kwa huzuni.

Mama mkwe anaogopa kama wewe, ila ana njia chache zaidi za kupata habari, na njia yake ni wewe. Mwahidi kwamba ukisikia chochote utampigia saa hiyo hiyo, na mpangie siku mbili za wiki za kuongea hata kama hakuna habari. Mwombe naye aandike, au akusimulie uandike kwa niaba yake. Kundi la wake wa askari usiliache, kwa sababu hakuna watu watakaokuelewa zaidi. Ila lizimie sauti usiku, na usisambaze habari ya majeruhi ambayo haijatoka kwa jeshi, hata kama umeipata kwa mtu unayemwamini. Nyuma ya kila uvumi wa namna hiyo kuna mke mmoja anayeusoma akiwa peke yake.

Siku mliyokubaliana ikipita, nenda au piga simu ofisi ya kikosi iliyobaki kambini, au idara ya jeshi inayoshughulikia familia. Uwe na jina lake kamili, namba yake ya utumishi, kikosi na tarehe ya mwisho mliyowasiliana. Uliza swali linalojibika: "Je, kuna taarifa yoyote juu yake ninayopaswa kupewa?" Hawatakuambia yuko wapi, lakini hilo wanaweza kulijibu. Ikitokea akatajwa kuwa ametoweka au ametekwa katika vita kati ya nchi na nchi, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unampa haki ya kuandika: Kifungu cha 70 kinataka aruhusiwe kutuma kadi kwa familia ndani ya wiki moja tangu kufika kambini, na Kifungu cha 71 kinasema hata barua zikiwekewa kikomo, zisipungue barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Familia hufungua ombi la kutafutwa kupitia Chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu cha nchi yake, kinachoshirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Usitangaze picha na jina lake mtandaoni ukiomba aliyemwona ajitokeze. Ukimtangaza, umemsaidia aliyemshika.

Kwa upande wako, tafuta mtu wa kuonana naye uso kwa uso, daktari au mshauri nasaha, kama kukosa usingizi kumepita wiki mbili, kama huli, kama umeanza kutegemea pombe au dawa ili ulale, au kama hasira zinamwangukia mtoto. Ukifikia kuwaza kwamba ni bora usingekuwapo, usingoje hata siku moja: nenda hospitali leo na mwambie mtu aliye karibu akusindikize. Na kama mumeo katika simu au ujumbe ataanza kuaga, kugawa vitu vyake au kusema mngekuwa na nafuu bila yeye, ofisi ya kikosi lazima ijue saa hiyo hiyo, usiku au mchana, ili daktari wa kikosi na kamanda wamfikie. Atakasirika, pengine kwa muda mrefu. Piga hata hivyo.